Kabla ya nusu kaputi: Timu inayolinda pumzi ya mwanao inakuhitaji na wewe

Msomaji wangu, swali la wiki hii nimeulizwa na mama mmoja wa Old Korogwe, na naamini si lake peke yake. Mwanawe wa miaka sita amepangiwa kutolewa mafindofindo na nyama za pua. Usiku anakoroma kuliko baba yake, na mara nyingine mama huamka kumtikisa kwa sababu mkoromo umekatika ghafla na kifua kimetulia. Amekubali mtoto afanyiwe upasuaji, lakini hana amani.

“Shikamoo dokta,” alianza. “Kisu sikiogopi. Naogopa ile nusu kaputi. Mtoto akishalala, nani anamwangalia anavyopumua? Na pumzi ikigoma, wanafanyaje?”

Wazazi wengi huuliza kuhusu kidonda, gharama na siku za kukaa wodini. Wachache huuliza kuhusu pumzi, wakati hiyo ndiyo inayoweza kuharibika ndani ya dakika chache. Leo nitamjibu mama huyu kwa urefu. Na nitakuonyesha kwamba wewe unayebaki nje ya mlango wa chumba cha upasuaji una kazi yako katika kulinda pumzi hiyo, na kazi hiyo huanza nyumbani.

Kwa nini usingizi wa dawa si sawa na wa usiku

Ukilala usiku, misuli ya koo hulegea kidogo, ndiyo maana baadhi yetu tunakoroma. Lakini usingizi wa kawaida una mlinzi. Hewa ikipungua unashtuka, unageuka, unameza mate, unakohoa. Dawa ya nusu kaputi humlaza na huyo mlinzi. Ulimi hurudi nyuma, koo hulegea, kikohozi kinapotea, na mara nyingi mgonjwa huacha kabisa kupumua mwenyewe. Kuanzia hapo mtu mwingine anampumulia.

Mtu huyo ni mtaalamu wa usingizi. Kazi yake haiishi kwenye kuchoma sindano ya kulaza. Yeye hubaki kichwani pa mgonjwa mwanzo hadi mwisho, akiilinda njia ya hewa, yaani njia inayoanzia puani na mdomoni, ikapita kwenye koromeo na kushuka hadi kwenye mapafu. Anaweza kutumia barakoa inayofunika pua na mdomo, au kupitisha mrija laini kooni hadi ndani ya bomba la hewa.

Hatari iko kwenye muda. Mtu mzima mwenye afya akivutishwa oksijeni safi kwa dakika kama 3 kabla ya kulazwa, anakuwa na akiba ya kumtosha dakika kadhaa hata asipopumua. Asipovutishwa, akiba hiyo huisha kwa dakika moja au mbili. Mtoto mdogo, mjamzito na mtu mnene huishiwa haraka zaidi. Na ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika zipatazo 4 tu huanza kuumia.

Kwa hiyo hakuna nafasi ya kuanza kutafuta kifaa, kubishana au kumpigia mtu simu baada ya tatizo kutokea. Wewe mkazi wa Korogwe unayajua mabasi yanayopita barabara kuu kwenda Dar es Salaam. Dereva makini hukagua tairi la akiba kabla ya kutoka stendi. Akingoja tairi lipasuke usiku huko Kabuku ndipo agundue kuwa jeki imebaki nyumbani, ujuzi wake wote wa kuendesha haumsaidii.

Kikombe kidogo cha uji

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisaidia upasuaji katika hospitali moja. Aliletwa binti wa miaka mitano, naye alikuwa wa mafindofindo. Mambo machache nimeyabadilisha ili familia isitambulike. Alikuja na mama yake na bibi yake, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya siku hiyo.

Muuguzi, mama wa makamo, alimuuliza mzazi kama mtoto amekula.

“Hajala tangu jana, sista,” alijibu mama. Alikuwa anasema kweli aliyoijua. Bibi alikuwa ametazama chini.

Muuguzi akachuchumaa mbele ya mtoto. “Mjukuu wangu, leo umekunywa nini?”

“Uji,” mtoto akasema. “Bibi kanipa.”

Bibi akajitetea kwa sauti ya chini. “Kikombe kidogo tu, mwanangu. Alikuwa analia njaa tangu alfajiri. Ningefanyaje?”

Habari ikafika ndani. Orodha ilikuwa ndefu, na daktari wa upasuaji alikuwa na haraka. Alisema kikombe kidogo hakina neno, tuendelee. Muuguzi hakupandisha sauti. Alisema tu, “Daktari, mtoto ana uji tumboni. Upasuaji huu si wa dharura. Naomba asubiri.” Mtaalamu wa usingizi akamuunga mkono. Mtoto akarudishwa wodini, akapangiwa kesho yake. Bibi alilia, mama akamkasirikia bibi, na sisi tukaendelea na mgonjwa mwingine.

Kesho yake kila kitu kilikwenda vizuri hadi mwisho. Mafindofindo yalitoka, damu ikakata, mtoto akaanza kuzinduka, mrija ukatolewa. Hapo ndipo koromeo lilipojifunga. Koromeo ni mlango wa kuingilia hewa. Tone la damu au mate likiugusa wakati mtoto yuko nusu macho, nusu usingizini, mlango huo unaweza kubana kwa nguvu na kukataa hewa. Watoto hupatwa na hali hii kuliko watu wazima, hasa wanaofanyiwa upasuaji wa koo au walio na mafua.

Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hutoa mlio kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikishuka mlio nao hushuka, unakuwa mzito. Sote tuliusikia ukishuka. Kifua cha mtoto kilikuwa kinahangaika lakini hewa haiingii.

Mtaalamu wa usingizi akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, “Koromeo limejifunga. Nahitaji msaada.” Akabana barakoa usoni, akaisukuma taya mbele, oksijeni ikafunguliwa yote. Muuguzi akawa anasoma namba kwa sauti: 91, 83, 74. Daktari wa upasuaji, yule yule aliyetaka tuendelee jana yake, akauliza neno moja tu: “Nikusaidie nini?” Akaelekezwa kushika mrija wa kufyonza, akafyonza damu iliyokuwa kooni. Namba ilikuwa bado inashuka. Mtaalamu akanyoosha mkono, na muuguzi akaiweka ndani yake sindano ya dawa ya kulegeza misuli. Dawa ilikuwa imevutwa tangu asubuhi, kipimo chake kimeandikwa juu kulingana na kilo za mtoto.

Koromeo likalegea. Kifua kikapanda. Ule mlio ukaanza kupanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Jambo lote halikufika dakika mbili. Jioni mtoto alikuwa anadai ice cream.

Nimelisimulia hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna aliyekimbia kutafuta kitu. Kila kilichohitajika kilikuwa ndani ya urefu wa mkono, na kila mtu alijua la kufanya. Ya pili ni ule uji. Hewa inapolazimishwa kwa barakoa wakati mlango wa mapafu umefungwa, sehemu yake huingia tumboni. Tumbo lenye chakula hucheua, na mtoto aliyelala hawezi kukohoa. Uji ungepanda kooni, na koromeo lilipofunguka ungeshuka mapafuni. Yale maneno matatu ya mtoto, na muuguzi asiyeogopa kuyafikisha, yalimlinda siku nzima kabla ya hatari yenyewe kutokea.

Wazoefu nao hukwama

Usidhani mambo haya huharibika kwetu tu kwa sababu ya uhaba. Mwaka 2005 nchini Uingereza, mama wa watoto wawili wadogo aitwaye Elaine Bromiley alilazwa kwa upasuaji wa kawaida wa sinusi. Alikuwa na miaka 37 na afya njema. Alipolazwa kwa dawa, njia yake ya hewa ikagoma. Barakoa haikupitisha hewa ya kutosha, mrija haukupita. Vifaa vilikuwepo, na madaktari waliokuwepo walikuwa wazoefu. Wakaendelea kujaribu kuupitisha mrija, tena na tena, kwa dakika nyingi, oksijeni ikiwa chini sana.

Wauguzi waliona. Mmoja alileta vifaa vya kufungua njia ya hewa shingoni na akawaambia madaktari kuwa viko tayari. Mwingine aliulizia kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hawakuzingatiwa, na baadaye walieleza kwamba walijua kilichotakiwa kufanywa, ila hawakujua waliseme vipi. Elaine hakuzinduka. Alifariki baada ya siku 13.

Mume wake, Martin Bromiley, ni rubani wa ndege. Badala ya kutafuta mtu wa kumtia hatiani, aliomba kujua kilichotokea ili wengine wajifunze. Katika urubani walishagundua kwamba ndege inaweza kuanguka huku msaidizi wa rubani anaona kosa na ananyamaza kwa heshima. Mwaka 2007 alianzisha kundi la kuwafundisha watu wa hospitali kuhusu jambo hilo, na leo kisa cha mkewe kinafundishwa kwa watu wa usingizi sehemu nyingi duniani.

Mimi kila nikikikumbuka kisa hiki nafikiria malezi yetu. Tumefundwa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu. Heshima ni jambo jema, lakini chumbani mle heshima ya kunyamaza inaweza kuua. Timu nzuri ni ile ambayo muuguzi aliyeajiriwa mwezi uliopita anaweza kumwambia daktari mwenye mvi, “Daktari, oksijeni ni 70, tumejaribu mara mbili, tubadili njia,” na daktari akamshukuru.

Orodha iliyojaribiwa Ifakara

Marubani husoma orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, hata kama wamerusha ndege miaka 30. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichukua wazo hilo na kutengeneza orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, katika miji kama London, Seattle, Toronto na New Delhi. Moja ya hospitali hizo nane ilikuwa hapa kwetu: Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mkoani Morogoro.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Haikuletwa dawa mpya. Watu walisimama mara tatu wakaulizana maswali kwa sauti.

Kusimama kwa kwanza ni kabla ya dawa ya usingizi. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Kipimo cha oksijeni kimewekwa kidoleni na kinafanya kazi? Ana mzio wowote? Na hapa ndipo linapokuja swali la mama wa Old Korogwe: je, njia yake ya hewa inaweza kuwa ngumu, au kuna hatari ya kucheua? Kama ndiyo, vifaa na mtu wa kusaidia wapo?

Kusimama kwa pili ni kabla ya kisu. Kila mmoja anataja jina lake na kazi yake. Hili huonekana kama mchezo, lakini mtu aliyekwisha kusikika mara moja chumbani huona wepesi kusema tena pale anapoona hatari. Kusimama kwa tatu ni kabla mgonjwa hajatolewa. Vifaa na pamba vinahesabiwa, na timu inakubaliana nini cha kuangaliwa wakati wa kuzinduka.

Nisikufiche. Karatasi yenyewe haiokoi mtu. Ikijazwa haraka haraka baada ya upasuaji kwisha, ni wino tu. Inaokoa pale inaposomwa kwa sauti na watu wakajibu.

Timu hujiandaa vipi kwa pumzi inayogoma

Timu iliyojiandaa haitegemei njia moja. Kabla ya kumlaza mgonjwa inajiuliza: mrija usipopita, tunafanya nini? Kuna njia ya kwanza, ambayo mara nyingi ni mrija. Ya pili ni kifaa laini kinachokaa juu ya koromeo bila kuingia ndani. Ya tatu ni kurudi kwenye barakoa na, inapowezekana, kumwamsha mgonjwa. Ya mwisho, zote zikishindikana, ni kufungua njia shingoni. Jambo la msingi ni kukubaliana mapema idadi ya majaribio, kwa sababu mtu aliyezama katika kujaribu hasikii muda unavyokwenda.

Vifaa hukaguliwa kila asubuhi. Mtungi au mtambo wa oksijeni una oksijeni? Mashine ya kufyonza inafyonza? Taa ya kuangalizia koo inawaka? Mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono upo, wa mtoto na wa mtu mzima, iwapo umeme utakatika? Barakoa na mirija ya ukubwa tofauti ipo? Na nani ataitwa msaada ukihitajika?

Kisha wanafanya mazoezi, wakijifanya dharura imetokea, wakati hakuna mgonjwa mezani. Chumba kidogo chenye watu wanne waliozoeshana kinaweza kuwa salama kuliko chumba kikubwa cha wageni wasiojuana majina.

Kazi yako wewe

Sasa nigeuke kwako, mzazi au mgonjwa. Kabla ya upasuaji utaulizwa maswali mengi, mengine mara tatu na watu tofauti. Usikasirike. Hawajasahau ulichosema. Wanahakikisha. Haya ndiyo makubwa.

Kula na kunywa. Kwa kawaida chakula, pamoja na uji, togwa na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, husimama saa 6 kabla ya nusu kaputi. Chakula kizito chenye mafuta huhitaji muda zaidi. Maziwa ya mama husimama saa 4 kabla. Maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa husimama saa 2 kabla. Kwa hiyo kama upasuaji ni saa 2 asubuhi, mlo wa mwisho usipite saa 8 usiku, titi la mwisho ni saa 10 alfajiri, na maji ya mwisho ni saa 12 asubuhi. Ukipewa maelekezo tofauti na hospitali yako, fuata hayo. Wala usimshindishe mtoto na njaa na kiu tangu jana yake ukidhani unamsaidia. Uliza saa kamili, kisha mwambie kila mtu wa nyumbani, bibi akiwa wa kwanza. Na mtoto akiponyoka akala, sema. Atakayekuchukia kwa kusema ukweli huo hayupo. Hata katika dharura, ambapo upasuaji hauwezi kungoja, timu ikijua tumbo lina chakula hutumia mbinu tofauti.

Mafua, kikohozi na homa. Mtoto mwenye mafua mabichi koromeo lake huwa jepesi kujifunga. Upasuaji usio wa dharura unaweza kusogezwa wiki chache. Najua umetafuta nauli, umeomba ruhusa kazini. Hata hivyo usimpe dawa ya kuficha kikohozi asubuhi ya safari. Ni bora upige simu hospitali kabla hujapanda gari.

Kukoroma. Eleza kama mtoto hukata pumzi usingizini, kama mama yule alivyonieleza. Mtoto wa namna hiyo huhitaji uangalizi wa karibu zaidi hata baada ya upasuaji.

Meno. Watoto wa miaka mitano hadi saba wana meno yanayocheza. Jino likidondoka likaingia njia ya hewa, ni dharura mpya. Mtu mzima mwenye meno ya bandia aseme na ayatoe.

Shingo na mdomo. Taja goita, uvimbe wowote, kovu la moto shingoni, au ajali ya zamani ya taya. Utaombwa ufungue mdomo na utoe ulimi, uinamishe na kuinua shingo. Usione haya. Mtaalamu anapima jinsi njia itakavyokuwa, na mtu ambaye mdomo wake haufunguki upana wa vidole vyake vitatu anatakiwa ajulikane mapema.

Maradhi na dawa. Pumu, selimundu, kifafa, ugonjwa wa moyo, mzio, dawa za hospitali, dawa za kienyeji, sigara: taja vyote. Na kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata shida kwa nusu kaputi, au uliambiwa mrija ulipita kwa taabu, hilo liwe neno lako la kwanza. Kama una karatasi ya hospitali ile, nenda nayo.

Kucha na nywele. Rangi ya kucha na piko nyeusi vidoleni vinaweza kuvuruga kipimo cha oksijeni. Mama unayetarajia kujifungua kwa upasuaji, acha angalau vidole viwili bila urembo. Fundo kubwa la nywele kisogoni nalo huzuia kichwa kulala vizuri, na kichwa kikikaa vibaya mrija hupita kwa shida. Suka bapa.

Kwa wajawazito niongeze jambo moja. Ujauzito huvimbisha koo na kupunguza akiba ya oksijeni. Hii ni sababu mojawapo inayofanya timu nyingi zipendelee sindano ya mgongo, ambayo hukuacha macho na unapumua mwenyewe. Ukishauriwa hivyo usidhani unapewa huduma ya daraja la chini. Uliza maswali yako, sikiliza, kisha amua.

Nawe una haki ya kuuliza

Kuuliza si ukorofi. Unaweza kusema kwa adabu: “Daktari, naomba kujua nani atampa mwanangu usingizi na kukaa naye.” “Kuna kipimo cha oksijeni na mtungi wenye oksijeni?” “Mmeona chochote kwenye koo au shingo yake kinachowatia wasiwasi?” “Akihitaji uangalizi zaidi atapelekwa wapi?”

Timu iliyojiandaa hujibu maswali haya kwa nusu dakika. Na ukiambiwa kwamba mtoto huyu ni heri afanyiwe hospitali kubwa zaidi, usione kama umefukuzwa. Safari ya kutoka Korogwe kupitia Segera na Muheza hadi Tanga mjini inachosha na ina gharama, lakini kukubali mapema kwamba hapa hatuna vya kutosha kwa mtoto huyu ni sehemu ya kujiandaa.

Akitoka ndani

Hatari ya pumzi haiishi mlangoni. Katika saa za kwanza mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni mpaka uruhusiwe, na usimwache peke yake. Mwite muuguzi mara moja ukisikia mkoromo mzito au sauti ya mluzi anapovuta hewa, ukiona mbavu zinabonyea, au midomo, ulimi na fizi vinapauka au kuwa na rangi ya bluu. Kwa ngozi zetu nyeusi, rangi hiyo huonekana vizuri zaidi ndani ya mdomo.

Kwa aliyetolewa mafindofindo, damu inaweza kutoka siku ile ile, au ikaja baadaye, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, mkiwa mmeshasahau. Mtoto aliyelala huku anameza meza kila mara huenda anameza damu. Angalia kooni kwa tochi. Ukiona damu, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo, na usimpe chakula njiani.

Nimemjibu hivi mama wa Old Korogwe: mwanao akilala, mtu mmoja atakaa kichwani pake bila kuondoka, na wengine watakuwa karibu, kila mmoja akijua zamu yake pumzi ikigoma. Wewe ni mmoja wao. Wao hawakuwepo jikoni kwako alfajiri, wala hawakusikia alivyokohoa jana usiku. Wewe ulikuwepo.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema anarudi nyumbani kuongea na mama mkwe. Nikamwambia aende na saa.